Soda ya zabibu, tekila na majani: kwa nini chupa moja haikutoa gesi na nyingine ikapasuka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Nkuhungu, Dodoma. Mwishoni mwa Septemba tuna sendofu ya mdogo wangu, wageni 40, na nusu yao hawagusi pombe. Wanaokunywa nataka niwape tekila kwenye glasi ndefu yenye barafu, pamoja na soda ya zabibu niliyotengeneza mwenyewe na majani ya bustanini. Nina mchaichai, mnanaa na mrehani. Nimeshajaribu mara mbili. Mwezi wa saba nilitia hamira kwenye juisi ya zabibu ya boksi, nikasubiri siku nne, gesi hakuna. Mwezi huu wa nane nimesaga kilo tatu za zabibu kwa blenda, nikaongeza vikombe viwili vya sukari na kijiko kizima cha hamira, nikajaza chupa za mvinyo na kuziba kwa nguvu. Usiku wa pili moja ikapasuka kabatini. Nyingine nilipoifungua iliruka yote. Kidogo kilichobaki nilikichanganya na tekila na mnanaa nilioutwanga kwenye kinu: kikawa kichungu, chenye ukakasi na harufu ya nyasi, na gesi ikaisha kabla glasi haijafika nusu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwa sendofu usichachushe soda kabisa. Tengeneza sharubati nzito ya zabibu, iweke kwenye friji, kisha kila glasi uichanganye na maji ya soda ya dukani yaliyo baridi sana. Ladha itakuwa yako, gesi itakuwa ya kiwandani, na hakuna chupa itakayokuamsha usiku. Soda ya hamira ni nzuri, na nitakueleza hatua zake zote, lakini hiyo ni ya nyumbani kwa watu watano au sita. Tuanze na yaliyokukuta, kwa sababu chupa zako mbili zimeharibika kwa sababu zinazopingana.

Ile ya mwezi wa saba ilikosa mambo mawili. La kwanza ni juisi yenyewe. Soma maandishi madogo ya boksi: ukiona benzoeti au sorbeti, hizo ni dawa za kuzuia hamira na ukungu, na zitafanya kazi yake hata kama wewe ndiye uliyeitia hamira kwa mkono wako. Kuna jaribio rahisi la kufanya kabla hujapoteza siku nne. Pasha nusu glasi ya juisi hadi iwe na joto la mwili, tia robo kijiko cha chai cha hamira, funika, subiri dakika 40. Povu lisipotanda juu, juisi hiyo ni ya kunywa tu. Jambo la pili ni baridi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Hamira ya mkate kwenye baridi hiyo husinzia. Kosa la tatu, ambalo hukulitaja lakini huwakuta wengi, ni kuitia hamira kwenye kitu cha moto: ikipita nyuzi 50 inaanza kufa, na hamira iliyokufa haifufuki.

Ya mwezi wa nane ilikuwa na kila kitu kwa wingi kupita kiasi. Zabibu ya mvinyo iliyoiva vizuri, kama ile nyekundu ya Makutupora, hutoa juisi yenye sukari karibu gramu 190 kwa lita, hata kabla hujaongeza ya kwako. Vikombe vyako viwili viliifikisha zaidi ya gramu 300. Sasa tazama hesabu hii. Kila gramu 4 za sukari zinazoliwa na hamira ndani ya lita moja hutoa takriban gramu 2 za gesi, na gesi hiyo ujazo wake ni sawa na ujazo wa soda yenyewe. Soda ya dukani yenye gesi nyingi ina ujazo wa namna hiyo mara 4 hivi. Maana yake ni kwamba hamira inatakiwa kula gramu 16 tu za sukari kwa lita, halafu isimamishwe. Wewe uliiachia gramu 300, kwenye joto, ikiwa imezibwa.

Shinikizo lenyewe linategemea joto kuliko watu wanavyodhani. Soda yenye gesi ya kiwango hicho ikiwa kwenye friji, nyuzi 4, husukuma chupa kwa nguvu iliyo chini kidogo ya upepo wa tairi la gari dogo. Soda hiyo hiyo ikiachwa kabatini kwenye nyuzi 30 husukuma kwa zaidi ya mara mbili ya tairi hilo. Chupa ya mvinyo usio na gesi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikipasuka hurusha vioo, na anayesimama karibu huumia macho. Usirudie tena kuchachushia kwenye kioo.

Tumia chupa ya plastiki iliyokuwa na soda. Igeuze utazame kitako: ya soda ina miguu mitano iliyobonyea katikati, umbo linalobeba shinikizo. Chupa ya maji ya kunywa ina plastiki laini na kitako cha kawaida, na haifai. Plastiki ina faida nyingine kubwa: unaiminya na kujua gesi imefika wapi bila kuifungua.

Na kwa nini ile nyingine iliruka yote? Kwa sababu ya makapi. Blenda iliacha chembe za nyama ya zabibu, na kila chembe ndani ya soda ni mahali pa povu kuzaliwa. Zabibu pia ina chumvi yake ya asili inayoganda kama mchanga mdogo unaong'aa juisi ikikaa kwenye baridi. Haina madhara, lakini chembe zake nazo hurusha povu. Blenda hiyo hiyo ndiyo iliyokuletea uchungu na ukakasi: ilisaga mbegu na vikonyo, na humo ndimo ukakasi mwingi unakaa. Zabibu ya mbegu hupondwa kwa mkono. Blenda iachie maembe.

Kuna harufu moja hukuitaja, huenda umebahatika: ya yai viza. Wakulima wengi hunyunyizia salfa dhidi ya ubwiri unga, na masalia yake yakikutana na hamira hutoa harufu hiyo. Osha vichala kwenye maji mengi, mara mbili au tatu, kabla ya kuchambua. Ule unga mweupe unaobaki kwenye ganda ni nta ya zabibu yenyewe, usihangaike nao.

Juisi ya zabibu, msingi wa njia zote mbili

Kilo moja ya zabibu nyekundu itakupa mililita 500 hadi 600. Msimu unakusaidia, maana Dodoma tunavuna mara mbili, karibu Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo ukinunua Hombolo, Mpunguzi au hapo hapo Majengo utapata iliyoiva. Onja kabla ya kulipa. Punje iliyoiva hutoka kwenye kikonyo kwa urahisi na mbegu yake imekuwa ya kahawia. Ya kijani ndani bado.

Chambua punje, tupa vikonyo vyote. Ponda kwa mikono ndani ya sufuria ya chuma cha pua. Sufuria ya alumini haielewani na uchachu, huacha ladha ya bati. Pasha moto mdogo kwa dakika kumi bila kuchemsha, hadi mvuke uanze kupanda: hapo ndipo rangi inatoka kwenye ganda. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba na uache idondoke yenyewe. Ukikamua kitambaa kwa nguvu utaurudisha ule ukakasi ulioukimbia. Rudisha juisi kwenye moto, ifike karibu nyuzi 80 kwa dakika mbili au tatu, ili hamira za porini zilizokuja na zabibu zife. Ipoze, iweke kwenye friji usiku kucha, na asubuhi imimine taratibu ukiacha mashapo na zile chembe zinazong'aa chini ya jagi.

Kwa rangi na uchachu ongeza rozela kavu, wengine huiita choya: gramu 10, yaani konzi moja ndogo, kwenye mililita 300 za maji yanayochemka, funika dakika kumi, chuja. Usiichemshe jikoni nusu saa kama wanavyofanya wengine, inakuwa kama dawa. Zabibu peke yake ikichanganywa na tekila huwa tamu na nzito, na rozela ndiyo inayoikata. Mexico, nchi ya tekila, wanakunywa maji ya rozela kila siku na kuyaita jamaica, kwa hiyo hapa hatubuni ajabu yoyote.

Soda ya hamira, kwa siku za nyumbani

Kwa chupa moja ya lita 1.5 unahitaji juisi ya zabibu mililita 500, maji ya rozela mililita 300, maji mililita 550, sukari gramu 50 (vijiko vinne vya chakula vilivyosawazishwa) na maji ya ndimu mililita 30. Ukijumlisha sukari ya zabibu utapata gramu 100 hivi kwa lita, utamu wa soda ya kawaida. Maji yawe ya chupa au yaliyochujwa vizuri. Maji ya visima vya huku kwetu mengi yana chumvichumvi, na hufifisha uchachu hadi soda ikawa kama imelala.

Hamira ndiyo mahali pa kuwa bahili. Chupa nzima inataka robo gramu tu, kiasi ambacho mizani ya jikoni haikioni. Fanya hivi: koroga kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, cha hamira ya chenga kwenye mililita 120 za maji vuguvugu, kisha chukua vijiko viwili vya chai vya maji hayo na uvitie kwenye chupa. Yanayobaki kandia maandazi. Kijiko kizima ulichotumia wewe kilikuwa mara nyingi zaidi ya inavyotakiwa, ndiyo maana kazi ya siku nzima ilimalizika kwa saa chache na soda ikanuka mkate.

Mchanganyiko uwe umepoa kabisa. Jaza ukiacha nafasi ya vidole viwili juu, funga kifuniko kwa nguvu, iweke mahali penye kivuli. Kwenye nyuzi 26 hadi 30 anza kuminya chupa baada ya saa nane, na kwa kawaida itakuwa tayari kati ya saa 12 na 24. Ikiwa ngumu kama soda ya dukani ambayo haijafunguliwa, muda wake umefika: ipeleke kwenye friji hapo hapo, usiseme ngoja nirudi kutoka kazini. Julai inaweza kuchukua siku mbili hadi tatu. Ifunge kwa kitenge kizito, uiweke nyuma ya friji panapotoa joto.

Ikae kwenye baridi angalau saa 24 kabla ya kufunguliwa. Watu huiruka hatua hii, kisha hulalamika kuwa gesi imetoka yote kwa mlio mmoja. Gesi iliyopo juu ya soda inahitaji muda na baridi ili izame ndani. Maji ya nyuzi 0 hubeba karibu mara mbili ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 20, na kwa kuwa tuko mlimani kidogo, hewa ya Dodoma ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, basi chupa ikishafunguliwa gesi hutoka haraka kidogo zaidi huku kwetu. Fungua kwa kulegeza kifuniko robo mzunguko, funga, legeza tena. Mimina bila kutikisa, uache kidole kimoja cha mashapo chini. Imalize ndani ya siku tano. Umeme ukikatika kwa saa nyingi hamira huamka tena, kwa hiyo rudi uiminye chupa: ikiwa imekaza kuliko ulivyoiacha, toa gesi kidogo.

Sasa lile ninalotaka ulitie akilini kuhusu wageni wako. Hamira ikila gramu 15 za sukari kwa lita, pamoja na gesi huacha kilevi, karibu asilimia 1. Ni kidogo, lakini kipo. Mgeni Mwislamu, Msabato, Mlokole, mama mjamzito au mtoto akipewa glasi hiyo kwa jina la soda, amedanganywa. Hiyo ndiyo sababu yangu kuu ya kukwambia kwa sendofu ufuate njia ya sharubati.

Sharubati ya sendofu

Mililita 500 za juisi ile ile, sukari gramu 250, rozela kavu gramu 10. Pasha juisi na sukari hadi iyeyuke, zima moto, tumbukiza rozela dakika kumi, chuja. Ikiwa bado ya moto lakini haichemki, weka mashina matatu ya mchaichai yaliyopondwa upande wa chini na majani manane ya mrehani. Mrehani utoe baada ya dakika kumi, mchaichai uache ishirini, sufuria ikiwa imefunikwa, maana harufu unayoisikia jikoni ni harufu iliyokwisha kutoka kwenye sharubati. Utapata kama mililita 650. Ndimu usiiweke humu. Maji ya ndimu yaliyokaa siku mbili hupoteza ule uchangamfu, kamua siku yenyewe. Kwenye chupa safi ndani ya friji sharubati hukaa wiki moja bila shida.

Maji ya soda yawe yale yasiyo na sukari wala ladha. Angalia usiuziwe toniki: ina kwinini na sukari, na uchungu wake utakufanya udhani umekosea tena kwenye zabibu. Ukiongeza soda tamu ya ndimu juu ya sharubati, nayo itazidi utamu.

Majani

Mnanaa haupondwi, na huutwangi. Ukiuvunja, maji ya kijani ya jani hutoka na ndiyo ile harufu ya nyasi. Mafuta yenye harufu yako juu ya jani, kwa hiyo liweke kwenye kiganja, lipige kofi moja kwa kiganja kingine, tia kwenye glasi. Basi. Uchume asubuhi, uusimamishe kwenye glasi ya maji kama maua, usiuache juani kwenye meza ya wageni.

Mchaichai ni kinyume chake: jani lake la juu ni kali na gumu, harufu nzuri iko kwenye shina jeupe la chini, sentimita kumi za mwisho, na hilo linataka kupigwa kwa mgongo wa kisu. Ukitaka tekila yenyewe inukie, tumbukiza mashina mawili kwa kila mililita 250, saa sita hadi nane, kisha yatoe. Usilaze siku tatu ukidhani itazidi kunoga. Pombe kali hunyonya na uchungu pia, na baada ya siku nzima huo ndio utakaousikia. Mnanaa usiulaze kwenye tekila hata kidogo, hugeuka kahawia.

Mrehani wa kwetu una ukali unaokaribia karafuu, na kwenye zabibu nyekundu unakaa vizuri kuliko mnanaa, kwa maoni yangu. Ndugu yake kivumbasi mwachie mbu.

Tekila

Soma lebo kabla ya bei. Tekila halali hutoka Mexico tu, jimbo la Jalisco na baadhi ya maeneo ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas, na hutengenezwa kwa moyo wa agavi ya buluu uliopikwa. Ikiandikwa "100% de agave", sukari yote iliyochachushwa ni ya mmea huo. Isipoandikwa hivyo, agavi inaweza kuwa asilimia 51 tu na iliyobaki sukari nyingine, na mara nyingi hiyo ndiyo inayochoma koo. Kwa soda ya majani chukua nyeupe, blanco, haijakaa kwenye pipa na harufu yake ya mmea inapokea mchaichai vizuri. Reposado imekaa pipani angalau miezi miwili na ina utamu wa mbao. Añejo imekaa mwaka au zaidi, na kuitia soda ni kuidhulumu pesa yako.

Pombe kali ya kughushi ipo sokoni. Tazama stempu ya kodi ya TRA kwenye kizibo, na unaweza kuithibitisha kwa simu kwa programu ya Hakiki Stempu. Chupa iliyofunguliwa, ya bei ya kutupwa au isiyo na stempu, iache dukani, kwani methanoli ikichanganywa humo hupofusha na kuua.

Wapo wanaoniuliza kama mkonge wetu unafaa, kwa kuwa nao ni agavi. Ni wa ukoo mmoja kweli, na uliletwa nchini mwaka 1893, lakini kwa ajili ya katani. Utomvu wa majani yake huwasha ngozi. Usiuweke kwenye glasi hata kama pambo.

Kuijenga glasi

Wahudumu wa baa huita kinywaji hiki haiboli: pombe kali kidogo, kitu chenye gesi kingi, barafu hadi juu. Gesi yako iliisha mapema kwa sababu uliimimina soda ya joto juu ya barafu chache, kisha bila shaka ukakoroga. Kila kitu kiwe baridi kabla hakijakutana: glasi, tekila, sharubati, maji ya soda. Tekila haigandi kwenye friza ya nyumbani, ilaze humo.

Glasi ya mililita 350. Barafu ijae hadi ukingoni, vipande vikubwa. Barafu chache huyeyuka haraka kuliko nyingi, ingawa watu hawaniamini. Ganda maji ya kunywa kwenye kopo la plastiki usiku, uvunje asubuhi, na visuuze vipande kwa maji baridi kabla ya kutumia, kwa sababu ule unga wa barafu juu yake huua gesi kama makapi yanavyofanya. Mimina tekila mililita 45, sharubati mililita 25, maji ya ndimu mililita 10 na chembe chache za chumvi. Hapo koroga vizuri, hakuna gesi bado ya kupoteza. Kisha mililita 120 za maji ya soda, ukiinamisha glasi na kumimina ubavuni. Ingiza kijiko kirefu hadi chini, kiinue mara moja, kitoe. Mnanaa uliopigwa kofi juu, karibu na pua ya mnywaji.

Ukitumia soda ya hamira badala ya sharubati, weka mililita 135 za soda hiyo na uache maji ya soda. Chumvi usiidharau: hupunguza uchungu unaobaki wa ganda la zabibu, na huwezi kuisikia kama chumvi.

Glasi hii inafika karibu asilimia 9 za kilevi kabla barafu haijayeyuka. Kwa jumla ni pungufu ya bia ya nusu lita, lakini inashuka kama maji ya matunda, na jua la Septemba litawafanya watu wainywe kwa kiu. Weka maji ya kunywa mezani kwa wingi, na wanaoendesha wapewe ile isiyo na tekila. Hiyo ni sharubati mililita 30, ndimu ile ile, maji ya soda mililita 165. Iwe kwenye glasi ya umbo tofauti au yenye mrehani badala ya mnanaa, ili wahudumu wasikosee trei.

Kwa watu 40, nusu kwa nusu, kila mmoja glasi mbili: chupa tatu za tekila za mililita 750, sharubati ya mapishi manne (zabibu kilo 4, sukari kilo 1, rozela gramu 40), maji ya soda lita 12, ndimu za kutosha mililita 800, barafu kilo 25, zikiwemo za kupozea chupa kwenye beseni. Sharubati na ndimu usizichanganye na maji ya soda kwenye ndoo mapema. Ndoo yenye mdomo mpana itakupa juisi tu kabla mwenyeji hajamaliza kukaribisha wageni.

Ukitaka kubadili tunda siku nyingine, ukwaju ndio wa kwanza ningekupa. Loweka gramu 150 bila mbegu kwenye nusu lita ya maji ya moto, chuja, sukari gramu 250, na hapo reposado inapata mwenzake. Balungi nalo ni la kwao hasa: soda yake na tekila, ndimu na chumvi, Mexico huitwa Paloma. Ubuyu hapana. Unga wake haushuki, na kila ukimimina maji ya soda unapata povu lisilokatika hadi mezani.

Fanya jaribio la glasi mbili wiki moja kabla, kwa zabibu utakazotumia, kwa sababu vichala vya Agosti na vya mwisho wa Septemba havina utamu sawa. Sharubati ikizidi utamu, ongeza ndimu mililita 5 kwa glasi, usipunguze sharubati, utapoteza zabibu yenyewe.